Mafua na Uchovu

Ukiwa umekaa kwenye kiti cha kinyozi huyu ukasikia watu wa kwenye benchi wanapiga kelele "Mikono juu!", usidhani mmevamiwa. Ni fundi anakaribia kupiga chafya. Wembe unapaa mpaka karibu na taa, mwili unageukia ukutani, kiwiko kinakuja puani, na wewe mteja unabaki umefumba macho, povu shavuni, ukimkumbuka Mungu wako. Chafya ikishatoka benchi zima linaitikia "Afya!", naye anajibu "Shukrani, jamani," kisha wembe unashuka palepale ulipoishia. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumkata mtu. Ndiyo maana walimwita Fundi Chafya, na jina lilimkaa vizuri hata akamwambia mchora mabango aliandike juu ya mlango.

Kazi aliirithi kwa baba yake. Mzee alikuwa na watoto wa kiume wa kutosha na alitaka mmoja wao ashike wembe, lakini mmoja alikuwa akiona damu anaanguka, wa pili alikuwa akiona kazi anaanguka, na waliobaki wakajiondokea. Binti yake, fundi wetu huyu, akapanda juu ya kreti la soda ili afikie vichwa vya watu, akaanza. Mwanzoni wanaume walikuja juu. Mwanamke aninyoe mimi? Anishike kidevu? Lakini mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kuposa alikubali, akatoka pale na mstari wa paji la uso ulionyooka sawasawa, akakubaliwa uchumba, na maneno yakaisha. Mkono wa binti ulikuwa mwepesi mno, wengine walisinzia kwenye kiti na ikabidi waamshwe walipe.

Chumba chenyewe ni kimoja: kiti cha kuinua kwa mguu, kioo chenye ufa pembeni, chupa ya spiriti, brashi, mashine mbili na kopo la poda. Juu kuna feni ambayo kazi yake kubwa ni kuchukua nywele za mteja wa kwanza na kumpelekea wa pili. Sasa fikiria mtu ambaye pua yake haipatani na vumbi, wala poda, wala vinywele vidogo vinavyoelea hewani, halafu umpe kazi hiyo. Kwao waliyaita mafua. Mama yake alikuwa nayo, shangazi yake alikuwa nayo, yakaitwa mafua ya ukoo, kama vile ni shamba. Alipokuwa mtu mzima daktari mmoja alimwambia, "Dada, haya si mafua, huu ni mzio," akamwandikia setirizini, kidonge kimoja kwa siku. Maisha yakabadilika. Chafya zikabaki za kuchekesha benchi tu. Lakini nyumbani uliendelea kuitwa mafua, kwa sababu neno mzio lilionekana la kujidai.

Na hapo niseme ukweli. Familia aliyoolewa ilikuwa hivyo hivyo, tena imezidi. Wale watu hawaiti kitu kwa jina lake. Kisukari cha mama mkwe kinaitwa "mambo ya chai." Mume wake, fundi mageti mwenye mikono mikubwa kama makoleo, anaogopa mbwa kuliko kifo, na hilo linaitwa "kuheshimu wanyama." Akikoroma, "anapumzika kwa nguvu." Na mimba, katika nyumba ile, inaitwa uchovu.

Mimba kuitwa uchovu kulikuwa na sababu, na kwa hili naomba tuache utani kidogo. Mara ya kwanza waliitangaza. Mama mkwe mwenyewe aliitangaza, mlango kwa mlango, mpaka muuza mkaa alijua. Haikufika mbali, ikatoka. Watu walewale waliokuja kupongeza wakaja kutoa pole. Jioni ile mama mkwe alikuwa anakunja nguo kitandani, anatafuta la kusema kama wanavyotafuta watu wazima kwenye msiba, akasema, "Labda ni vile vidonge vyako vya kila siku." Hakusema kwa ubaya. Alisema, akakunja shuka, akaenda kuwasha jiko, na nadhani alisahau kabla maji hayajachemka.

Mkwe wake hakusahau. Alilibeba neno lile kila mahali. Alilibeba kazini, akalala nalo, akaamka nalo. Hakumwambia mume, hakumwambia mama yake, wala hakumuuliza daktari, kwa sababu aliogopa daktari angesema ndiyo.

Basi uchovu wa pili ulipokuja, jambo la kwanza alilofanya ni kuvimwaga vidonge vyote chooni, akavuta maji, akavuta tena kwa uhakika. Mama mkwe akatoa amri: hakuna mtu kutamka neno mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Mume akaapa. Na kwa kuwa huwezi kukaa miezi mitatu bila kulitaja jambo lililoijaza nyumba, wakalitaja hivyo: uchovu wako unaendeleaje, uchovu umekula, uchovu unataka ndimu.

Shida ni kwamba pua haikupewa taarifa. Bila vidonge, mafua ya ukoo yalirudi na madeni ya miaka yote. Macho yalivimba, koo likawasha, masikio yakawasha kwa ndani kule ambako kidole hakifiki. Akilala, pua inaziba, akikaa, inamwagika. Kazini "mikono juu" ikawa wimbo. Mteja anakuja kunyoa ndevu anatoka jioni. Benchi likaanza kupungua watu. Wengine walipita mbele ya mlango wakijifanya wanasoma simu. Waliobaki walikuwa wale wanaompenda kweli na wale wenye upara.

Kisha ikaja siku ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni mtu wa kukaa wima hata akinyolewa. Fundi alikuwa nyuma ya sikio lake la kushoto, anamalizia, mara chafya ikaja bila hodi. Wembe ulipanda, lakini ulipanda umechelewa, ukapita na kipande cha ngozi kisichotosha hata kumshibisha sisimizi. Lakini damu ya sikio haina adabu. Ilitiririka mpaka kwenye kola nyeupe, na benchi zima likasimama.

"Nisamehe, mwalimu, nisamehe, jamani nimefanya nini!" Fundi alikuwa anabonyeza pamba huku machozi na makamasi yanakimbizana.

"Si neno, fundi," mwalimu mkuu akasema, bado amekaa wima. "Lina mwenzake."

Watu walicheka, ila yeye hakucheka. Alifunga duka mapema, akaenda nyumbani, akajitupa kitandani na kulia mpaka mume akarudi kutoka kuchomelea mageti, akamkuta hana sura.

"Hii haiwezekani," mume akasema. "Kesho nampitia Dokta."

Dokta si daktari. Ni mfamasia wa duka la dawa la pale kona, lakini kwa kuwa anavaa koti jeupe na anaandika vibaya, mtaa mzima ulimpandisha cheo.

"Umwambie ni mafua," mama mkwe akasema kutoka sebuleni, maana ukuta wa nyumba ile haukuwahi kuzuia neno.

"Ni mafua, ndiyo, mama."

"Na huo uchovu..."

"Nitasema uchovu, mama."

Na alisema. Kesho yake alisimama mbele ya dirisha la duka la dawa, na nyuma yake, kwa bahati mbaya kabisa, alikuwa jirani yao, mama mmoja mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungika.

"Nataka dawa ya mafua ya mke wangu."

"Mafua yakoje?" Dokta akauliza.

"Makali. Chafya tu, macho mekundu, halali."

"Ana homa?"

"Hana."

"Ana tatizo lingine lolote? Presha? Mimba? Kuna dawa nyingine anameza?"

Dokta aliuliza vizuri, tusimsingizie. Fundi mageti alikohoa. Akasikia pumzi ya jirani kisogoni. Akamkumbuka mama yake.

"Hapana, hapana," akasema. "Ni uchovu tu."

"Mafua na uchovu!" Dokta akafurahi kama mtu aliyepewa swali alilolisomea. Akageuka kwenye rafu, akashusha pakiti yenye picha ya mtu anayepiga chafya, na pembeni mtu huyohuyo ameruka juu na mikono hewani. "Hii hapa. Inazibua pua, inakausha makamasi, na inamwamsha mtu. Imetengenezwa kwa ajili ya hayohayo."

Nyumbani mgonjwa aliigeuza pakiti mara kadhaa kwa mashaka. "Si vile vyangu vya zamani?"

"Si vile," mume akasema. "Hii ni ya mafua."

"Ya mafua haina neno," mama mkwe akaunga mkono. "Mafua kila mtu anapata, hata mtoto mchanga. Vibaya ni vile vyako vya kila siku."

Hebu ona mambo hayo. Kidonge alichoandikiwa na daktari kiliogopwa kama nyoka, kwa sababu kilikuwa na jina geni. Kidonge ambacho hakuna aliyejua kina nini ndani kikapita mlangoni kifua mbele, kwa sababu kiliitwa cha mafua. Naye alikuwa amechoka, na sikio la mwalimu mkuu halikumtoka machoni. Akameza.

Pua ilikauka, hilo halina ubishi. Ilikauka mpaka ikawa kama haijawahi kuwa yake. Lakini mtu yule kwenye picha hakuruka bure. Fundi Chafya aliingia kazini siku hiyo akaosha kuta. Akapanda kwenye kiti akasugua feni, panga baada ya panga. Akapanga chupa kwa urefu, kisha akazipanga kwa rangi. Aliongea bila kituo, kuhusu mageti, kuhusu mwezi, kuhusu mjomba wake aliyewahi kufuga bata, na wateja wakatoka wamenyolewa safi na vichwa vinauma. Moyo ulikuwa unakimbia kama una mahali pa kuwahi. Akameza tena siku ya pili, mambo yakawa yaleyale. Ila jioni, alipokuwa anafuta wembe, aliona ncha inacheza. Akautazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka.

Kinyozi anaweza kuvumilia mengi, lakini si mkono. Aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, kiti ambacho huwa hakikalii, akaweka mkono ule juu ya tumbo, na lile neno la jioni ya shuka likamjia lote. Vidonge vyako. Safari hii ni vipya, lakini ni vyako tena.

Siku iliyofuata hakumeza. Chafya zikarudi, na mteja wa kwanza kuingia alikuwa Dokta mwenyewe, anataka ndevu zitoke zote maana kuna harusi. Fundi akamfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akaanza shavu la kulia. Lilikwenda vizuri. Alipomaliza na kuhamia upande wa pili, benchi likapaza sauti, "Mikono juu!", na chafya ikapiga kioo kikatikisika.

"Afya!" Dokta akasema na watu wa benchi, kisha akakunja uso chini ya povu. "Fundi, bado tu? Bwana wako si alichukua dawa kwangu? Dawa ile ni kali, inaua mafua yote."

"Leo sikumeza. Ilinifanya mkono utetemeke, moyo ukawa unanienda mbio."

"Aa, hiyo hutokea, ina kichangamsho. Na ule uchovu umeondoka?"

Benchi lilikuwa linasikiliza. Amri ya mama mkwe ilikuwa palepale. Lakini wembe ulikuwa mkononi mwake, na mkono ulikuwa wake, na mtoto alikuwa wake. Akainama sikioni kwa Dokta kama anayetaka kunyoa kisogo.

"Uchovu wenyewe," akanong'ona, "unatimiza miezi mitatu wiki ijayo."

"Uchovu wa miezi mitatu? Hapo upime damu, fundi, huenda una upungufu..."

"Dokta. Ni uchovu wa kutapika asubuhi."

Jicho moja la Dokta likamtazama kwenye kioo, kisha likashuka, likatazama tumbo, likarudi.

"Ule uchovu?"

"Huohuo."

Dokta aliruka kwenye kiti kuliko mtu wa kwenye pakiti. Kitambaa shingoni, shavu moja laini na la pili jeupe kwa povu, akamvuta fundi mpaka nje mlangoni, mbali na masikio ya benchi.

"Umemeza vingapi?"

"Kimoja juzi, kimoja jana."

"Basi tulia. Usimeze tena hata kimoja. Hiyo dawa ya kuzibua pua huwa inabana mishipa ya damu, inapandisha presha, na mimba changa hatuipi hiyo. Sisemi umefanya baya, siku mbili si kitu cha kukuulia usingizi, ila nenda kliniki leo, wakupime. Na huko, tafadhali sana, fundi, kila kitu ukiite kwa jina lake."

Kisha akaondoka kwa hasira, lakini hakwenda dukani kwake. Alielekea kwenye karakana ya mageti. Watu wa mtaa ule bado wanasimulia: Dokta, nusu kijana nusu mzee, kitambaa kinapepea, amesimama mbele ya moto wa kuchomelea anamfokea fundi mageti, "Nilikuuliza mimba ukaniambia nini? Nilikuuliza, sikukuuliza?" Na fundi mageti, jitu zima, ameinua kinyago cha kuchomelea anajibu kwa sauti ndogo, "Nilisema uchovu."

Kliniki Fundi Chafya hakwenda peke yake. Mama mkwe alipopata habari alivaa viatu vya safari, akashika mkoba, akatangulia. Njiani alitembea haraka mbele, na mkwe wake alijua kile kisigino kinachopiga chini kwa nguvu si hasira, ni woga. Yeye mwenyewe roho ilikuwa juu. Alikuwa anajiambia, kama ni vidonge tena, basi ni mimi. Kama ni mimi tena, sitajua nitaishi vipi.

Mkunga aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, wa kuzungumza huku anafanya kazi.

"Karibuni. Tatizo ni nini?"

"Ana mafua," mama mkwe akawahi.

"Mafua tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

Mkunga akaacha alichokuwa anafanya. "Mama yangu, mafua gani hayo, yameshamaliza shule yakaolewa?"

Mgonjwa akacheka bila kutaka, na kicheko kile kikafungua mlango. Akasema yote. Nina mzio. Nina mimba. Nilikuwa nameza setirizini, nikaacha nilipojua nina mimba, nikashindwa kufanya kazi, nikamkata mwalimu sikio, mume akaenda kuninunulia dawa akasema mafua na uchovu, nikameza ya mafua siku mbili. Alisema kwa mfululizo, na kila jina lililotoka lilikuwa linampunguzia mzigo. Mama mkwe alikuwa anajipepea na mkoba.

Mkunga alimpima presha, ikawa nzuri. Akamlaza, akapaka maji mazito ya baridi tumboni, akasogeza kifaa chake huku na huku, kikakoroma kama redio isiyoshika stesheni. Akasogeza tena. Mama mkwe aliacha kujipepea. Kisha sauti ikaja, mbio, mbio, mbio, ndogo na yenye bidii kama cherehani.

"Huyo hapo," mkunga akasema. "Huyo hana uchovu wowote."

Alipokwisha kumpangusa akamkalisha, akamweleza pole pole. Dawa za kuzibua pua na zile za mchanganyiko za mafua aachane nazo. Lakini mzio wenyewe si wa kuvumilia mpaka mtu akose usingizi na pumzi. Mama asiyelala na mtoto naye hapati raha. Setirizini aliyokuwa anameza, na nduguye loratadini, wajawazito wengi wamezitumia kwa miaka mingi, zimechunguzwa, na hazijaonekana kuharibu mimba. Kwa hali yake yeye, anaweza kurudia kidonge chake kimoja kwa siku, hata leo, tena aoshe pua kwa maji ya chumvi, afunge barakoa kazini, na feni ile iangaliwe. Na asimeze kitu kingine chochote kabla ya kuuliza. "Kuuliza kwa Kiswahili," mkunga akasisitiza, akimtazama mama mkwe, "si kwa mafumbo."

Wangeweza kuondoka hapo. Mama mkwe alishasimama. Lakini yeye alibaki amekaa, anaangalia vidole vyake.

"Ile ya kwanza," akasema.

"Ya kwanza ipi?"

"Nilikuwa na mimba kabla ya hii. Ikatoka. Nilikuwa nameza vidonge vile kila siku." Akainua macho kwa mkunga. "Ni mimi niliyeitoa?"

Mkunga aliweka kalamu chini. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Hapana, mdogo wangu. Mimba nyingi zinatoka mapema, nyingi kuliko watu wanavyosema, na mara nyingi ni kwa sababu hazikujitunga sawasawa tangu mwanzo. Hakuna alichofanya mama, hakuna ambacho angeweza kufanya. Vidonge vyako havijulikani kutoa mimba. Nani alikuambia ni vidonge?"

Angeweza kugeuka tu kidogo na kumtazama aliyesimama nyuma yake, lakini hakugeuka. Alisema, "Nilifikiria tu."

Na hapo alilia, kilio cha kweli, cha mtu aliyetua kitu kizito. Alilia mpaka mkunga akampa kitambaa chake mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amesimama kama mti, mkoba kifuani.

Njia ya kurudi walitembea sambamba. Kisigino cha mama mkwe hakikupiga tena chini. Walipofika kona, badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani, akakata kulia kuelekea duka la dawa. Foleni ilikuwepo, na kwenye foleni, nani mwingine, jirani yao mwenye mdomo. Dokta alikuwa dirishani, shavu moja laini na la pili limekaukiwa na povu, maana siku nzima hakupata nafasi.

"Mama, karibu. Nikusaidie nini?"

Mama mkwe aliwapita watu wote mpaka mbele bila hata samahani. Akashika ukingo wa dirisha.

"Nataka setirizini," akasema kwa sauti ya mtu anayeita watoto kutoka mbali. "Ya mzio. Si ya mafua. Mzio. Ni ya mkwe wangu huyu hapa, na ana mimba ya miezi mitatu."

Jirani akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu cha kusema, maana kilikuwa kimeshasemwa.

"Ameshaiongelea na mkunga?" Dokta akauliza kwa upole.

"Ameshaongea."

"Na amewahi kuitumia?"

"Amewahi." Sauti ile kubwa ilipungua. "Alikuwa anaitumia na ile mimba ya kwanza. Mnaikumbuka, niliwatangazia wote. Ikatoka, na mimi nikamwambia ni vidonge vyake. Leo nimeambiwa si vidonge. Nami nasema mbele yenu, haikuwa vidonge, na haikuwa yeye. Mimi ndiye niliyesema nisilolijua."

Dokta alisukuma pakiti dirishani. Mama mkwe akatoa kidonge, akachukua chupa ya maji mkononi mwa jirani bila kuomba, akaifungua, akamgeukia mkwe wake.

"Meza, mwanangu," akasema. "Meza nikuone."

Akakipokea, akameza.